Nani atakazia hukumu za Arusha?

KWA mfanyabiashara wa Kahama anayepakia mchele kwenda Kampala au Kigali, na kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye mzani wake katika soko la Geita, sheria ni sehemu ya bei. Mpaka ukiwa na hatari ya kufungwa ghafla, mnunuzi hushusha bei ili asije akaumia. Anayebeba hasara hiyo ni mkulima na mchimbaji mdogo.

Ndiyo maana Ibara ya 6 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inawahusu watu wa Kanda ya Ziwa kuliko wanavyodhani. Inazitaka nchi wanachama zifuate utawala wa sheria, na msimamizi wake ni Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mkazi yeyote wa Jumuiya, au kampuni, anaweza kuishitaki serikali huko bila kwanza kupitia mahakama za nchi yake.

Mahakama hiyo si ya woga. Novemba 2005 mjini Kampala, Mahakama Kuu iliwapa dhamana washitakiwa wa uhaini, askari wenye silaha wakalizingira jengo na watu wale wakarudishwa gerezani. Mwaka 2007 Arusha ilitamka kuwa Uganda ilivunja utawala wa sheria. Machi 2019, mwezi uleule soko la Geita lilipofunguliwa, ilitamka kuwa Uganda ilikiuka Mkataba kwa kutoza sigara za kutoka Kenya ushuru mkubwa kuliko za nyumbani. Siku chache tu baadaye ikawa zamu ya Tanzania: vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vilionekana kukiuka Mkataba. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2023. Miaka minne! Hakuna lori la mchele linaloweza kungoja hivyo.

Tatizo ni kukazia hukumu. Mkataba unasema nchi itekeleze bila kuchelewa, lakini rungu limo mikononi mwa wakuu wa nchi, ambao huamua kwa kauli moja. Wakitaka kusimamisha uanachama wa nchi, sauti ya mtuhumiwa haihesabiwi, lakini majirani wote waliobaki lazima wakubaliane, na karibu kila mmoja ana kesi yake Arusha. Tangu Mkataba uanze kazi mwaka 2000, hakuna nchi iliyosimamishwa.

Ulaya wana njia nyingine. Oktoba 2021 mahakama yao iliitoza Poland faini ya euro milioni 1 kwa siku katika mgogoro wa majaji, na fedha zikakatwa kwenye mgao wake. Brussels inaweza kukata kwa sababu ndiyo inayotoa. Arusha mambo ni kinyume: Jumuiya ndiyo inayosubiri michango ya wanachama, ambayo mara nyingi huchelewa.

Kwa hiyo migogoro ya biashara humalizwa kwa simu za wakubwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Kabla ya wiki kwisha ilifungua tena kwa masharti, na hakuna jaji aliyehusika. Ni haraka, ndiyo, lakini mwenye mzigo hapati fidia, wala hajui simu ijayo itapigwa lini.

Tena wakubwa wanajua kujikinga. Novemba 2006 Mahakama ilizuia wabunge wateule wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye Mkataba ulirekebishwa, likaongezwa sharti kwamba mtu binafsi afungue shauri ndani ya miezi 2. Ugomvi ulikuwa wa wanasiasa wa Nairobi, lakini sharti hilo sasa linambana hata muuza mchele wa Kahama.

Mwenye mzigo uliozuiwa na atunze vibali, stakabadhi na barua za forodha tangu siku ya kwanza. Miezi 2 huhesabiwa tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua, na Mahakama imekwisha kusema haina mamlaka ya kuongeza hata siku moja.