Magugu Hayamngoji Mgeni

Kila mwaka mvua zinapokolea katika Mkoa wa Simiyu, majani huota upesi kuliko mipango ya kuyaondoa. Viwanja vya shule, nyua za zahanati, stendi, masoko na kingo za barabara hufunikwa na magugu. Aghalabu hubaki hivyo hadi itangazwe kwamba kiongozi anakuja. Hapo ndipo mafyekeo na majembe hutolewa, na kwa siku mbili mji hung'aa. Mgeni akiondoka, magugu hurudi. Sisi tunasema kwamba huo si usafi, bali ni maonyesho.

Jambo hili si dogo. Historia ya nchi yetu yenyewe inashuhudia. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, mabaraza ya serikali za mitaa yalivunjwa. Miji ikakosa mwenyewe: mitaro ikaziba, majani yakaota, taka zikarundikana, na kipindupindu kikazuka katika miaka ya sabini. Ndipo sheria ikatungwa mwaka 1978 ya kurudisha mabaraza ya miji, na baada ya sheria za mwaka 1982, halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kwa hiyo usafi wa mahali pa umma ni mojawapo ya sababu zilizorudisha halmashauri. Halmashauri inayoupuuza inajisahau yenyewe.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, una halmashauri sita: Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Viwanja na masoko ni vya halmashauri. Lakini gugu halitambui mpaka wa ofisi. Eneo lililo kati ya barabara na uzio wa soko hugeuka yatima, kila idara ikidhani ni la mwenzake. Hatuna budi kudai kwamba kila kata iwe na orodha ya maeneo hayo, jina la ofisi yenye dhamana, na tarehe ya kuyashughulikia, nayo ibandikwe mahali ambapo kila mwananchi ataisoma.

Pia tutofautishe gugu na nyasi. Gugu karoti, lililotambuliwa Arusha mwaka 2010 na kisha kuenea katika mikoa mingine, huwasha ngozi, huchochea pumu na kuharibu malisho. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo husafiri na matope ya magari na miguu ya mifugo. Hilo halifai kufyekwa, kwa kuwa huchipua tena. Shurti ling'olewe kwa mikono iliyovikwa glavu kabla halijatoa maua. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nyasi fupi zinazoshika udongo ni jambo jingine. Wasukuma walihifadhi ngitili tangu zamani, na mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ingali sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, ulifufua desturi hiyo. Ni ajabu basi kuona uwanja wa umma ukiparurwa hadi vumbi kwa jina la usafi. Mvua ikinyesha, udongo huo huingia mitoni, nao Mto Simiyu huupeleka katika Ghuba ya Speke.

Hapa ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara wana haki ya kusema. Wao wanakumbuka magugu maji yaliyoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya themanini, yakaziba mialo na njia za mitumbwi katika miaka ya tisini. Magugu hayo hunenepa kwa rutuba inayoletwa na mito. Vivyo hivyo, dawa ya kuua magugu ikimwagwa ovyo kando ya mtaro wa Bariadi, haiishii Bariadi. Halmashauri itumie dawa pale tu mikono inaposhindwa, mbali na maji, na kwa ushauri wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Ama kuhusu nguvu kazi, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni jambo jema, lakini siku moja haitoshi. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa nini vikundi hivyo visikopeshwe zana, kisha vipewe mikataba ya kutunza maeneo ya umma mwaka mzima?

Mkulima wa pamba wa Simiyu hangoji mgeni ndipo apalilie. Hupalilia mapema, na baada ya mavuno hung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasivuke msimu. Tunawaomba madiwani na watendaji wafanye kwa viwanja vya umma kama mkulima huyo afanyavyo shambani kwake, nao wananchi wawaulize, mvua za kwanza zikianza kunyesha, kazi imefikia wapi.