Intaneti inapita wapi, na namna gani tuilipe kidogo



Kila siku tunasikia maneno haya katika uwanja wa masomo: «Rezo iko chini», «Mega zimeisha», «Niazime inite». Mwanafunzi mmoja anatafuta kazi ya fizikia, hapati. Mwingine anatoa franka za chakula cha saa sita ili anunue mega. Mwenye feza anasoma, asiye na feza anabaki nyuma. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu.

1. INTANETI INAPITA WAPI MPAKA KWETU?

Wengi wanazani kwamba intaneti yote inatoka juu, kwa setilaiti. Zamani kwetu Butembo na Beni ilikuwa hivyo kweli: nyumba za intaneti za mjini zilikuwa na sahani kubwa inayotazama mbinguni. Setilaiti zile ziko mbali sana, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Tufanye hesabu. Swali lako linapanda na kushuka, na jibu vilevile linapanda na kushuka. Ni safari nne, jumla zaidi ya kilomita 143,000. Mawimbi ya redio huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi karibu nusu sekunde inapotea kila mara unapouliza kitu, hata kama umelipa feza nyingi.

Setilaiti za Starlink ni namna nyingine: zinazunguka karibu kilomita 550 tu juu yetu, ndiyo sababu hazicheleweshi hivyo. Mwezi wa Machi 2024 serikali yetu ilikataza vyombo hivyo. Mwezi wa Mei 2025 ARPTC, ofisi inayosimamia posta na simu, ikatangaza ruhusa.

Lakini sehemu kubwa ya intaneti ya dunia inapita chini ya bahari, katika nyaya za kioo. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Mwaka 2013 Kongo ikafungua njia yake ya WACS kule Muanda, upande wa Atlantiki. Chukueni ramani mpime. Kwa mstari wa ndege, Butembo mpaka Muanda ni karibu kilomita 2,000. Butembo mpaka Mombasa ni karibu kilomita 1,250. Mtatambua njia hiyo: ni ile ya mizigo ya wafanyabiashara wetu, Mombasa, Uganda, Kasindi. Na kama vile mizigo, kila kilomita iko na gharama: waya, minara, mafuta ya jenereta, walinzi. Gharama zote hizo mwisho zinaanguka juu ya mnunuzi.

2. KWA NINI INAENDA POLEPOLE?

Kwanza tusichanganye vipimo viwili. Kampuni zinapima mwendo kwa megabiti kwa sekunde. Lakini mega tunazonunua ni megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kitabu cha mega 12 ni megabiti 96. Kwa mwendo wa megabiti 1 kinashuka kwa sekunde 96. Kwa mwendo wa megabiti 4, sekunde 24. Ukiambiwa «megabiti 8», ujue ni mega moja tu kwa sekunde.

Pili, mnara ni kama bomba la maji la kartie. Asubuhi mapema unakuta watu wawili, unajaza bidoni yako mara moja. Jioni watu wote wanakuja, na bomba ni lile lile. Ndiyo sababu saa mbili ya usiku rezo inakuwa zito, na saa kumi ya asubuhi inakimbia. Hapo kununua forfe kubwa zaidi hakuongezi mwendo. Kunaongeza tu idadi ya bidoni.

3. RUTA NI NINI?

Ruta ni chombo kinachopokea intaneti kwa njia moja na kuigawanya kwa simu na kompyuta nyingi. Haitengenezi intaneti. Ikiwa inayoingia ni kidogo, itagawa kile kidogo. Lakini mara nyingi kosa liko nyumbani:

— Usiifungie ndani ya kabati wala nyuma ya bati. Chuma na kuta nene zinazuia mawimbi. Iweke juu, katikati ya nyumba.

— Ruta nyingi ziko na mawimbi mawili. Yale ya gigahezi 2.4 yanaenda mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 yanaenda mbio, lakini katika chumba cha karibu.

— Kompyuta isiyohama iunganishwe kwa waya. Waya wa kawaida wa rezo unafika mpaka metre 100, na bei yake ni ndogo kuliko ya ruta ya pili.

— Badilisha neno la siri lililotoka dukani. Kama jirani anajua neno lako, unalipa kwa ajili yake.

— Umeme ukikatika, usikimbilie jenereta. Soma maandiko chini ya ruta. Nyingi zinatumia volti 12, na zile za ampere 1 hazipiti wati 12. Kwa saa 10 ni wati-saa 120, kazi ambayo betri ya sola inaweza. Lakini mwite fundi apime volti kwanza, kwa sababu betri iliyojaa inapita volti 12.

4. NAMNA YA KUPUNGUZA FEZA

Katika simu, funga mambo mawili: picha na video za WhatsApp zisishuke zenyewe, na programu zisijibadilishe zenyewe. Video unayosikiliza kwa ajili ya maneno tu, iteremshe kwa picha ndogo. Na kabla ya kununua forfe ya usiku, soma saa yake ya mwisho.

Lakini faida kubwa iko katika kushirikiana. Darasa la wanafunzi 40 likiteremsha kitabu kimoja cha mega 10, kila mtu kwa simu yake, ni mega 400. Mmoja akiteremsha na kuwapa wengine kwa Bluetooth ao kwa kadi, ni mega 10 tu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajui: ruta inafanya kazi hata bila intaneti. Ukiweka vitabu katika kompyuta moja, hata ya zamani, na kuiunganisha na ruta, simu zote zilizo karibu zinasoma bila kutumia mega hata moja. Programu ya bure inayoitwa Kiwix inaweza kuweka humo Wikipedia ya Kifaransa. Inateremshwa mara moja, na ile isiyo na picha ni ndogo zaidi.

Tukumbuke tarehe 31 Desemba 2018. Baada ya uchaguzi, ambao kwetu Beni na Butembo uliahirishwa mpaka Machi 2019, serikali ilikata intaneti nchi nzima karibu majuma matatu. Aliyekuwa na feza na asiye nazo walikuwa sawa. Lakini kitabu kilichokwisha kuwekwa ndani ya kompyuta hakikukatwa na mtu.

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe, walimu na kamati ya wazazi wafikirie jambo hili: kompyuta moja, ruta moja, betri moja. Kila mwalimu alete vitabu vya somo lake. Sisi wanafunzi tuko tayari kuvipanga na kulinda vyombo. Hapo hakuna atakayechagua tena kati ya kula na kusoma.