Bahari ya Hindi Ndiyo Mwamuzi wa Vuli

Kila El Niño inapotajwa katika utabiri wa msimu, wasomaji huuliza iwapo gharika imekaribia. Dhana kwamba kila El Niño huleta mafuriko si sahihi, ingawa husambaa upya kila mara. El Niño, yaani hali ya maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki ya kitropiki kuzidi wastani wa joto kwa miezi kadhaa, ilikuwa na nguvu za pekee mwaka 2015, lakini vuli ya Afrika Mashariki haikuifikia ile ya mwaka 1997. Ilhali mwaka 2019, usiokuwa na El Niño yenye nguvu, mvua zilifurika Kenya, Somalia na Tanzania.

Kilichoitofautisha miaka hiyo ni Dipoli ya Bahari ya Hindi, ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 1999 kuwa ni kupishana kwa joto la maji kati ya magharibi mwa bahari hiyo, upande wa Afrika, na mashariki yake, karibu na Sumatra. Kwa kawaida upepo wa ikweta huvuma kuelekea mashariki, hewa yenye unyevu hupanda juu ya Indonesia na kumwaga mvua huko, kisha hushuka upande wa Afrika ikiwa kavu. Dipoli inapokuwa chanya, maji baridi huibuka kutoka kilindini karibu na Sumatra na Java, upepo hugeuka kuelekea magharibi na kusukuma maji ya vuguvugu upande wa Afrika, mvuke huongezeka na hewa hupanda. Na kwa kuwa hewa inayopanda huvuta upepo uleule ulioleta joto hilo, hali hiyo hujikuza yenyewe hadi kaskazi inapoingia na kuivunja. Ndiyo sababu dipoli huiathiri vuli kuliko masika.

Athari zake hufika hadi mazizini. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa hudumu kwa miaka ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes yaliyomo katika udongo mkavu wa mabondeni, na maji yanapotuama mayai huanguliwa na kutoa mbu waliokwisha kuambukizwa. Milipuko ya 1997–98 na 2006–07 ilifuata mvua za namna hiyo.

Wanaodai kufunga mvua kwa matambiko, pamoja na wanaouza hirizi za kukinga mifugo, wanawadhulumu wafugaji, kwani hakuna tambiko linalopoza mamilioni ya kilomita za mraba za bahari, wala hirizi inayoua virusi. Maziwa yachemshwe, mnyama mgonjwa asichinjwe, na mifugo ichanjwe mapema, kwa maana mlipuko ukishaanza sindano yenyewe inaweza kueneza virusi kutoka mnyama hadi mnyama. Utabiri wa vuli hutolewa kabla ya mvua kuanza, na muda huo ndio wa kuchanja.