Uvuvi wa Trauti Milimani: Kazi ya Kuongoza Wageni na Wajibu wa Chama

Katika mito ya baridi itokayo Mlima Kenya na safu ya milima ya Aberdare huishi samaki aitwaye trauti. Asili yake si huku. Trauti wa kahawia aliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Mwingereza aliyeitwa Ewart Grogan. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini, alifuata baadaye. Tangu zama hizo wageni wamekuwa wakipanda milimani kumvua kwa ajili ya burudani, nao huwalipa wenyeji wawaonyeshao njia, wawabebeao mizigo na wawapikiao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba chama cha ushirika kilicho kandokando ya msitu hutamani kuifanya kazi hiyo kuwa mradi wa wanachama wake. Yafaa ieleweke tangu mwanzo, hata hivyo, kwamba katika mradi huu bidhaa inayouzwa ni mto wenyewe. Mto ukichafuka au ukikauka, hakuna ufundi wa kiongozi wala uhodari wa katibu utakaomrudisha mgeni.

UVUVI HUU NI WA NAMNA GANI

Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, uzito wa risasi au wa chambo ndio uupelekao mshipi mbali. Katika uvuvi huu chambo ni nzi wa kuundwa: manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi, vikiwa vimefungwa juu ya ndoana ndogo hata vikafanana na mdudu wa majini. Nzi huyo hana uzito wa kumfikisha popote. Kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mnene na mzito, nao ndio urushwao kwa ufito mrefu unaopindika. Mwishoni mwa mshipi huungwa uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yatokako, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Mvuvi stadi humwendea kutoka nyuma, akipanda mto polepole, bila kutupa kivuli chake majini. Yapasa pia wanachama wajue kwamba nzi hao hufungwa kwa mikono nchini Kenya na kuuzwa nchi za ng'ambo, na kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi. Ni kazi ifanyikayo mezani, hata katika miezi ambayo mito haivuliki.

KAZI YA KIONGOZI

Kiongozi mwema huanza kazi kabla mgeni hajaamka. Huangalia kama mvua imenyesha huko juu, kwa kuwa mto wa mlimani huweza kujaa ghafla ingawa jua lawaka mahali wavuvi waliposimama. Huhakikisha kwamba mgeni anayo leseni ya kuvua na, ikiwa safari ni ndani ya hifadhi ya taifa, kwamba kiingilio kimelipwa. Katika vichaka vya mianzi hutangulia yeye, kwa sababu nyati na tembo hupita njia zizo hizo. Mgeni aumwaye kichwa na kutapika kwa sababu ya kimo cha mlima hamhimizi aendelee, humteremsha.

Samaki akinaswa, kazi ya kiongozi ni kumrudisha majini akiwa hai, isipokuwa pale ambapo kanuni zaruhusu kumchukua na mgeni ametaka hivyo. Ndoana hufaa iwe haina kijino cha kuzuia, ipate kutoka upesi. Mikono hulowanishwa kwanza, maana mikono mikavu humvua samaki ute umkingao na maradhi. Samaki hushikwa akiwa ndani ya maji, akielekezwa mkondo, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Trauti aliyerudishwa vizuri aweza kunaswa tena na mgeni mwingine mwezi ujao. Aliyetupwa ukingoni amelipa mara moja tu.

MAJI NDIYO MTAJI

Trauti ni samaki wa maji baridi, na sababu yake ni hewa. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 10 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 11 za oksijeni. Joto likifika nyuzi 20, hushika takriban 9 tu. Tena, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo samaki ahitajivyo hewa zaidi. Joto likipita nyuzi 20 trauti hutaabika, na karibu na nyuzi 25 hufa. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapiga maji moja kwa moja.

Mayai nayo hutagwa ndani ya changarawe, ambamo maji safi hupita katikati ya vijiwe. Ng'ombe wakishuka kunywa mtoni, au jembe likilima mpaka ukingoni, udongo huporomoka na kuyafunika mayai hata yakakosa hewa. Hali kadhalika maji machafu ya viwanda vya kumenyea kahawa, yakimwagwa mtoni kabla ya kutuliwa mashimoni, huoza na kuimaliza oksijeni ambayo samaki walio chini wangeitumia.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, katika mito kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki, maji mengi huchotwa kwa ajili ya mashamba, na wakati wa kiangazi sehemu za chini hubaki na maji haba mno. Aombaye zamu ya kuongoza wageni aghalabu ndiye pia mwenye bomba mtoni, na jirani yake ndiye mwenye ng'ombe. Haki ya shamba lake ni ya kweli, kwani mboga na maziwa humlisha mwaka mzima, hali mgeni huja na kuondoka. Halmashauri isijidanganye kwamba mambo haya mawili hayagongani. Yapasa yazungumzwe mkutanoni mapema, na wa juu ya mto wakae pamoja na wa chini. Nchini Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitoa nafasi ya kuundwa kwa vyama vya watumiaji maji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikatambua vyama vya jamii za misituni. Chama cha ushirika kisiingie katika mradi huu pasipo kushauriana navyo.

MFANO WA MONTANA

Katika jimbo la Montana, Marekani, kazi ya kuongoza wavuvi wa trauti ni kubwa na huhitaji leseni. Zamani mito ya huko ilitiwa samaki wengi waliozalishwa vituoni. Uchunguzi uliofanywa katika mto Madison ulionyesha kwamba samaki hao wa kupandikizwa waliwapunguza trauti waliokwisha kuzaliana wenyewe mtoni. Mwaka 1974 jimbo likaacha kutia samaki katika mito yenye trauti wa namna hiyo, likatilia mkazo hifadhi ya mto.

Tena huko maji yakifikia takriban nyuzi 23 kwa siku 3 mfululizo, uvuvi huweza kusimamishwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Viongozi hupoteza nusu ya siku, lakini mtaji hubaki.

Onyo moja lafaa kuongezwa. Trauti wa kahawia na yule wa upinde wa mvua wote wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wavamizi wabaya kupita wote. Chama kisithubutu kuwachukua na kuwatia katika mto usio nao. Wavuliwe walipo.

HESABU ZA MRADI

Tuchukue mfano wa safari iliyolipiwa shilingi 10,000. Chama chaweza kuzigawa hivi: kiongozi 4,500, wapagazi na mpishi 2,000, chakula na usafiri 1,500, akiba ya vifaa na bima 1,000, fungu la mto 1,000. Fungu la mto hununua miche ya miti ya asili ya ukingoni, na hujenga birika la kunyweshea ng'ombe mbali na maji. Kila chama kitapanga viwango vyake, lakini fungu hilo lisiwe la kutolewa kitakachosalia; litengwe kwanza.

Malipo ya kutangulia yabaki benki mpaka safari imekwisha, kwa kuwa mvua yaweza kuivunja na mgeni akadai fedha zake. Wapagazi walipwe mkononi na watie sahihi wenyewe, wala wasilipwe kupitia kwa kiongozi. Zamu ziandikwe na kubandikwa ukutani, ili mashaka ya upendeleo yasizuke. Wanachama waambiwe wazi pia kwamba katika miezi ya mvua nyingi, hasa Aprili, Mei na Novemba, mito huwa na tope na mapato huwa kidogo. Hii ni nyongeza ya shamba, wala haichukui mahali pake.

Halmashauri inayokusudia kuanza ifanye kazi moja kwanza, isiyo na gharama kubwa. Itume wanachama wawili na kipimajoto waende mtoni kila siku mchana, kiangazi chote, waandike joto la maji na kimo chake katika daftari. Daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano mkuu, wenye mabomba na wenye ng'ombe wakiwapo, ndipo kura ipigwe.