Mablanketi Baada ya Kipupwe

Kule Makete na Njombe baridi ya Juni na Julai huuma, hata kuna asubuhi za jalidi. Walakini ikifika Oktoba blanketi la sufu huwa mzigo tu katika nyumba ndogo. Twaona wengi hulikunja vivyo hivyo, lina jasho, na kulisukumiza mvunguni. Hiyo ni karamu ya nondo! Nondo arukaye hali kitu. Watobozi ni watoto wake, viwavi, nao hupenda hasa palipo na jasho.

Basi na tulifue kwanza, tulianike juani hata likauke kabisa, ndipo tulitie sandukuni. Sanduku likae juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta wa udongo, maana huvuta unyevu. Asiye na sanduku na alitie katika foronya nene yenye vifungo, liwe mto wa kukalia wageni, akilitoa juani kila mwezi.