Kicheko Kisicho na Furaha

Mzee mmoja, jirani yetu, hupenda kusema kwamba nyumba yenye watoto wanaocheka haina ugonjwa. Ni maneno mazuri, lakini si kweli siku zote. Wasomaji wapenzi, watu wa upande wa Bukoba wanajua sababu.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, wala hawakuweza kujizuia. Kisha wenzao nao wakashikwa. Mpaka shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa: huyu kwa saa chache, yule hata kwa siku 16. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Wasichana waliporudi makwao, jambo lile likafuatana nao. Huko Nshamba watu 217 walishikwa katika Aprili na Mei, wengi wao vijana. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, ikabidi ifungwe mara ya pili mwishoni mwa Juni.

Je, walisikia kichekesho gani? Hakuna! Wagonjwa wenyewe walisema wanaogopa kwamba kuna mtu anayewakimbiza. Aliyezuiwa kwa nguvu alipigana. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walipima damu wasione sumu wala kijidudu. Hakufa mtu. Wakaona kwamba chanzo kimo moyoni, si mwilini. Waliochunguza baadaye wametaja mashaka ya wasichana hao, ambao wazazi na walimu waliwatazamia makuu, na Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru wake.

Basi wazazi, mtoto akicheka ovyo pasipo sababu, msikimbilie fimbo, wala msianze kumtafuta aliyemroga. Kama halali wala hali, apelekwe hospitali. Na yule mcheshi wa nyumbani, anayewachekesha wote jioni, ambaye twasema, "Huyu hana shida"? Pengine ndiye mwenye shida kuliko wote. Mwulizeni mkiwa wawili tu, shambani au njiani kwenda kuteka maji. Mbele ya wenzake hatasema.

Hata hivyo, sikushitaki kicheko. Kipo kinachotibu, na wazee wetu walijua kukitumia hata mahali pa kilio. Ndio utani. Wanyamwezi na Wangoni walipigana vita hapo zamani, kisha wakawa watani. Mtani huja msibani, huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hudai madeni yasiyokuwapo, na ni mwiko kumkasirikia. Mgeni akiona hayo husema watu hawa hawana haya. Lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe na kuchimba kaburi. Wale wasichana wa Kashasha walicheka kwa hofu wasiyoweza kumweleza mtu. Mtani humchekesha mfiwa ili kilichofungwa moyoni kipate njia, na watu wake wakiwa wamemzunguka.

Nakumbuka msiba mmoja nilipokuwa kijana. Mjane alikaa siku mbili juu ya mkeka, hali, hanywi, halii, akitazama ukuta tu. Akina mama walianza kunong'ona kwamba akili yake inamwacha. Siku ya tatu mtani akaingia, amevaa koti la marehemu, fimbo ya marehemu mkononi, akasimama mlangoni na kupaza sauti ile ile tuliyoizoea kila jioni: "Mama we, leo ugali unapikiwa Tabora?" Sisi sote tukashika pumzi. Yule mama akageuka, akamtazama, akacheka. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, akalia mpaka jua likatua. Usiku ule akaomba uji.