Ubao wa Taa na Waya Wake

Ndugu mfanyakazi, ule ubao wa taa unaoandika HATARI: BARUTI haujui kitu wenyewe. Huandika yale tu ambayo kompyuta ya ofisini imeupelekea. Njia iliyo kati yao ikikatika, ubao waweza kubaki na maneno ya jana.

Waya wa kawaida wa kompyuta haupiti mita 100. Ule wa nyuzi mbili zilizosokotwa, uitwao RS-485, hufika mita 1,200, tena kwa maneno machache unatosha. Lakini kwetu, tangu Kasongo hadi Namoya kule Kabambare, radi si mchezo: ikipiga karibu, shaba huipeleka mpaka ndani ya mashine. Uzi wa kioo haupitishi umeme, nao hufika kilomita nyingi. Mimi ningechagua huo. Redio haihitaji waya, lakini isikaribie fataki za umeme, maana mawimbi yake yaweza kuzilipua.

Fundi aupange ubao uandike SIMAMA wenyewe ukikosa habari. Ukiandika NJIA SALAMA huku king'ora kinalia, amini king'ora, kaa mbali, umwulize kapita.

Nanyi akina mama, waambieni watoto wasiukate waya huo kutengenezea vigari.